Shamba Linaloitwa Guy

Guy alikuwa na miaka ishirini na miwili nyumbani kwa mama yake na miaka kumi na saba uwanjani, na kwa misimu miwili mizima hesabu hizo hazikugombana. Ukiishi Bukavu na mama yako akiishi juu ya vilima vya Kalehe, kuna mambo mengi yanayoweza kukaa mbalimbali bila kusumbuana. Shida ilikuwa ndevu tu. Kila asubuhi alinyoa, na siku ya mechi alinyoa mara mbili, ya pili nyuma ya choo cha uwanja, kocha wake akimshikia kioo na kumhimiza amalize kabla refa hajapita.

Kocha huyo, Ezéchiel, ambaye vijana walimwita tonton, yaani mjomba, ndiye aliyeitengeneza ile miaka kumi na saba. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa mtu mwenye huruma nyingi kwa vijana, na huruma yake iliona kwamba mchezaji mzuri asiachwe nyumbani kwa kosa dogo la kuzaliwa mapema. Siku ya kwanza alipomwona Guy akikimbia upande wa kushoto, alimwuliza umri, akajibiwa, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa, kisha akasema ugonjwa huo una dawa. Wiki mbili baadaye Guy alikuwa na cheti kipya cha kuzaliwa, chenye mihuri miwili, kilichosema alizaliwa mwaka 2007. Cha zamani kilichukuliwa na hakikuonekana tena.

Sasa, mwaka 2024, timu ya vijana wa chini ya miaka kumi na minane ilikuwa imechaguliwa kwenda Kinshasa kwenye mashindano. Watu wa vilabu vikubwa wangekuja kutazama. Jina la Guy lilikuwa la tatu kwenye orodha, na orodha ingefungwa siku ya Alhamisi saa nane mchana.

Jumatatu ya wiki hiyo simu ililia. Alikuwa mama yake, maman Adolphine.

“Guy, Alhamisi asubui minashuka Bukavu. Banatuita ku réunion kule Nyalukemba. Utanisindikiza, na ulete acte yako ya kuzaliwa.”

“Juu ya nini, maman?”

“Juu ya shamba yako.”

Guy hakuwa na shamba. Alikuwa na jozi mbili za viatu vya mpira na godoro. Lakini alielewa, na kwa kuwa alielewa, jasho lilimtoka.

Kule juu kwao shamba halilimwi miaka yote. Unalilima mpaka lichoke, kisha unaliacha lilale, pori linalifunika, nawe unahamia jingine hadi siku la kwanza litakapoamka na nguvu zake. Wanawake wa kijiji chao wana desturi yao juu ya hilo. Mama akijifungua, shamba alilokuwa akililima ndilo linalolazwa, maana mwenye kulilima naye amelala, na shamba linapewa jina la mtoto. Kwa hiyo maman Adolphine alikuwa na shamba Lucie, shamba Raphaël na shamba Guy, na ungemsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya wageni, kwamba Lucie amejaa mawe, Raphaël ameinama mno hata maji yanamchukua, lakini Guy ni mnono. Watoto wenyewe walishazoea.

Shamba Guy lililazwa mwaka 2002, mwaka ule volkano ya Goma ilipolipuka. Miaka minne baadaye wakuu walichora mpaka wa hifadhi ya mlima. Lucie na Raphaël walibaki chini ya mpaka, Guy akafungiwa juu yake. Waliochora walitazama picha iliyopigwa kutoka angani, na kutoka angani shamba linalolala ni msitu tu. Tangu hapo maman Adolphine aliendelea kumlima Lucie mpaka mawe yakawa mengi kuliko udongo, akahamia kwa Raphaël, na Raphaël sasa alikuwa akitoa maharagwe membamba yasiyojaza hata kikapu. Kama mwezi wa tisa usingemkuta juu ya shamba Guy, basi hakuwa na mahali pa kupanda. Mambo yalikuwa hivyo, na hakuna aliyehitaji kuyaongezea chumvi.

Ndipo ukaja mradi wa kuwasaidia wakulima wa kuhamahama ndani ya hifadhi. Tume ikaundwa, nayo ikakubali jambo la haki: shamba lililolazwa kabla ya mpaka wa 2006 litarudishwa kwa wenyewe, walilime na kulilaza kwa zamu kama walivyofanya wazee wao. Lililolimwa baada ya hapo litahesabiwa kuwa limekatwa ndani ya hifadhi, na litabaki la hifadhi. Kilichokosekana ni karatasi. Nani ana karatasi ya siku aliyoacha kulima?

Agronomu, mtaalamu wa kilimo wa mradi, bwana mmoja mwembamba anayeitwa Honoré, alikesha siku tatu juu ya swali hilo, akatoka na jibu lililompa sifa mpaka ng'ambo. Kama shamba lina umri wa mtoto, alisema, basi cheti cha mtoto ndicho cheti cha shamba. Lilikuwa wazo zuri sana. Lilikuwa na kasoro moja: Honoré, pamoja na usomi wake wote, aliviamini vyeti vya kuzaliwa.

Alhamisi asubuhi Guy alimngoja mama yake bandarini akiwa na uongo wake tayari. Maman Adolphine alishuka kwenye boti la Kalehe na furushi la viazi vitamu, akamshika mtoto wake shavu.

“Unanyoa sana. Papa yako alikuwa anaziacha.”

“Maman, ile acte yangu ilipotea.”

“Haikupotea. Nilijua utaisahau, nikamupigia tonton Ezéchiel, akanitumia copie na boti. Ile mutu iko na roho muzuri.” Akapapasa kifuani, akatoa bahasha ya plastiki iliyokunjwa vizuri.

Guy aliitazama ile bahasha. Ezéchiel, maskini, aliposikia mama anataka cheti cha mchezaji, alidhani ni mambo ya Kinshasa.

“Umeisoma?”

“Iko Kifaransa. Na nisome nini? Siku ulizaliwa nilikuwako.”

Ukumbi wa mradi ulikuwa kwenye mteremko wa Nyalukemba, madirisha yakitazama ziwa. Wakulima arobaini hivi walikuwa wameketi, wamevaa nguo za misa. Ukutani palikuwa na ramani kubwa, yote ya kijani kibichi, na wazee walikuwa wakiibishia kwa sauti ya chini. Nyuma ya meza alikaa Honoré na, katikati, rais wa tume, madame Amisa, mwanamke wa Uvira aliyejitanda mtandio mweusi. Alizaliwa katika ukoo wa wauza vitambaa, na tangu utotoni alijua kitenge kibovu kabla hakijakunjuliwa.

Wa kwanza kuitwa alikuwa muzee Akilimali, mwenye shamba linaloitwa Mapacha. Aliweka mezani vyeti viwili. Madame Amisa alisoma kimoja, akasoma cha pili, akarudia cha kwanza.

“Muzee, hawa batoto ni mapacha?”

“Mapacha kabisa, madame. Siku moja, saa moja.”

“Mbona huyu ni wa 1999, na mwenzake ni wa 2002?”

Muzee Akilimali hakuona ajabu yoyote. “Huyu wa pili alianguka ku masomo mara tatu. Ikabidi tumurudishe kidogo.”

Honoré alisimama kueleza kwamba hiyo ni kesi ya pekee. Madame Amisa aliandika kwamba miaka yote miwili ilikuwa kabla ya mpaka, akapiga muhuri. Kisha akaja mama ambaye binti yake aliongezwa miaka minne ili apate kadi ya kupigia kura kabla ya wakati. Honoré akasimama tena, hiyo nayo ilikuwa kesi ya pekee. Akaja baba ambaye mwanawe alikuwa mdogo jeshini na mkubwa kanisani. Kwenye kesi ya pekee ya tano Honoré aliacha kusimama, akawa anainua kalamu tu. Hata hivyo bahati ilikuwa upande wa watu, kwa kuwa vyeti vyote, pamoja na vurugu zake zote, viliangukia kabla ya 2006, na mihuri ikaendelea kugongwa.

Saa sita kasoro pikipiki ilisimama nje. Tonton Ezéchiel, aliyekuwa akimtafuta Guy tangu asubuhi, akaingia amevaa suti ya michezo ya timu, orodha mkononi, akasimama karibu na mlango na kumwonyesha Guy saa yake. Guy akajifanya anatazama ziwa.

“Maman Adolphine,” akaita madame Amisa.

Maman Adolphine akaenda mbele, akaifungua bahasha mwenyewe, akailaza karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Madame Amisa alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Shamba Guy. Deux mille sept, elfu mbili na saba.”

“Deux mille deux,” akasema maman Adolphine kwa upole, kama anamsahihishia mgeni jina la kijiji.

“Hapa iko deux mille sept, maman.”

“Bamekosea. Ni mwaka ya volkano. Nilikuwa na mimba ya miezi munane, tukakaa inje kuangalia vile mbingu iko nyekundu upande ya Goma. Akazaliwa mwezi ya pili.”

“Mwezi ya pili iko hapa. Mwaka ndiyo iko ingine.” Madame Amisa hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililotisha. “Maman, shamba ililala siku mutoto alizaliwa. Kama mutoto ni wa deux mille sept, basi mpaka ilikuta unalima mule, na ukaendelea kulima mwaka muzima ndani ya réserve.”

“Sikulimaka.”

Honoré aliinua kalamu. Madame Amisa akamtazama, kalamu ikashuka.

Maman Adolphine akageuka. “Mwenyewe iko hapa. Guy, simama bakuone.”

Guy akasimama polepole sana, sehemu moja baada ya nyingine. Ilikuwa saa sita, na kazi ya wembe wa alfajiri ilikuwa imekwisha kitambo.

“Muangalie ile kidevu,” akasema mama yake. “Mutoto wa miaka kumi na saba iko na kidevu vile?”

Wakulima arobaini waligeuka kwenye viti. Hawa ni watu wanaomfunua mbuzi mdomo na kukwambia alizaliwa msimu gani, na kazi waliyopewa waliifanya kwa bidii.

“Makumi mbili na tatu,” akasema muzee Akilimali.

“Haifike,” akasema mwingine. “Makumi mbili na mbili. Ageuke, tuone shingo.”

Guy aligeuka. Hakujua kwa nini aligeuka.

“Ni chakula,” ikatoka sauti mlangoni. “Anakula sombe mingi.”

Madame Amisa aliinua macho. “Na weye ni nani?”

“Ezéchiel, madame, entraîneur yake. Ni mutoto kabisa. Jumatatu anapanda ndege na équipe ya batoto kwenda Kinshasa, bakubwa ya mupira banamungojea. Na ile acte ni ya kweli, mimi mwenyewe nilikuwako wakati banaigonga muhuri.”

Ukumbi ulicheka. Maman Adolphine hakucheka. Alimtazama Ezéchiel, akaitazama ile suti ya michezo na orodha iliyokuwa mkononi mwake, kisha akamtazama mtoto wake kwa muda. Alikuwa mtu asiyehitaji kuelezwa kitu mara mbili. Guy aliona usoni pake jinsi mambo yalivyokuwa yakijipanga, moja baada ya jingine: kunyoa kule, cheti kile, timu ya watoto. Angependa sakafu ifunguke pale alipo, lakini sakafu ya Nyalukemba ni ya saruji nzuri.

Maman Adolphine akaigeukia meza.

“Madame présidente, mimi ndiyo nimekosea. Niko muzee, miaka inanichanganyikia mu kichwa. Andika vile karatasi inasema.”

Mwanamke huyu angeweza kukwambia mvua ilianza tarehe gani mwaka aliobatizwa Raphaël.

“Maman,” akasema madame Amisa, “nikiandika, shamba inaenda. Haitarudia tena.”

“Najua. Andika.”

Akarudi kwenye kiti chake, akaketi, akaweka mikono juu ya furushi la viazi. Mlangoni tonton Ezéchiel alishusha pumzi, akamfanyia Guy ishara ya kidole gumba. Madame Amisa akachukua kalamu.

Guy alikuwa bado amesimama. Kinshasa ilikuwa mbele yake wazi kabisa, uwanja mkubwa, wale watu wa vilabu na madaftari yao. Alikuwa ameitaka safari hiyo miaka miwili, na aliitaka hata wakati huo. Lakini aliona pia mwezi wa tisa, na mama yake ameshika mbegu akitembea juu ya Raphaël aliyechoka, akitafuta mahali pasipoteremka. Mbaya zaidi, aliona kwamba mama yake alishaona yote hayo kabla yake, akachagua haraka, ili yeye asisumbuke kuchagua. Aibu ilimpata, aibu ya kweli, si ile ya kidevu.

“Madame, usiandike.”

“Guy,” akasema Ezéchiel, “saa nane, mutoto wangu, saa nane.”

“Maman hakukosea. Nilizaliwa deux mille deux. Niko na miaka makumi mbili na mbili. Hii karatasi ni ya uongo, na miye nilijua.”

“Ikaa chini, Guy,” akasema mama yake.

Hakuketi. Madame Amisa aliweka kalamu chini, akamtazama kwa yale macho ya kukagua vitambaa.

“Utaandika na kutia sahihi? Copie itaenda ofisi ya commune, na ku ligue ya mupira pia. Unaelewa maana yake?”

“Naelewa.”

“Nani alitengeneza karatasi?”

Tonton Ezéchiel akaanza kuitazama dari kwa makini, kana kwamba aliitwa kuipaka rangi.

“Sikumbuke, madame.”

“Vizuri,” akasema madame Amisa. “Na miye sikuuliza, juu leo niko na kazi mingi.”

Akamsukumia karatasi nyeupe. Guy aliandika kwa mkono wake, mstari kwa mstari, jina lake, la baba yake marehemu, la mama yake, mwezi wa pili mwaka 2002, na kwamba cheti kilichoko timuni si cha kweli. Madame Amisa alipouliza nani anashuhudia, mikono arobaini ilipanda, ukiwamo wa muzee Akilimali ambaye hakuwa amemwona Guy kabla ya saa tatu asubuhi ile. Muhuri ukagongwa. Shamba Guy likawa la mama yake.

Ezéchiel aliiegemeza orodha ukutani, akatafuta kalamu mifuko yote, hakuipata, ikambidi aazime ya Honoré. Akalifuta jina la tatu. Alirudisha kalamu, akasema asante, akatoka, na walimsikia akiipiga teke pikipiki mara nne kabla haijawaka.

Mama na mtoto waliteremka barabarani. Guy alibeba furushi. Alidhani atapewa shukrani, au walau makofi kwa sababu ya ule uongo, na angepokea chochote kati ya hivyo. Walikwenda mpaka walipokaribia ziwa ndipo mama yake akaongea.

“Ungeacha aandike. Nilikuwa nimeshaiachilia.”

“Ungepanda wapi?”

“Ningepata.” Hakusema wapi. Akatembea hatua chache. “Mulitosha miaka ngapi, mulikata ngapi mu umri yako?”

“Tano.”

“Ya kuanzia wapi?”

“Deux mille deux mupaka deux mille sept.”

Maman Adolphine alisimama katikati ya njia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

“Ile miaka ndiyo nilikubeba mu mugongo nikilima Lucie. Ulipata surua, nilikaa na weye siku tisa bila kulala. Tulikimbia vita mara mbili, na weye juu yangu, Raphaël na Lucie nimebashika mikono. Nilikunyonyesha ndani yake, nikakufundisha kutembea ndani yake. Sasa, Guy, wakati mulikuwa munaitosha, muliiweka wapi?”

Guy alilihamishia furushi bega la pili, wakaendelea hadi bandarini. Boti la Kalehe lilikuwa linapakia watu. Mama yake akapanda, akanyoosha mkono apokee furushi lake aagane naye. Guy hakumpa. Akapanda nalo, akaketi karibu naye, kwa sababu mwezi wa tisa haukuwa mbali, na miti ya miaka ishirini na miwili haiangushwi na mwanamke mmoja.